Somo la Afya: Kinga ya Mwili Inapoumiza Mapafu

(Somo hili lisomwe kwa sauti katika mkutano wa kikundi. Mje na saa au simu yenye saa, kwa sababu kuna zoezi la kuhesabu pumzi.)



Wengi wenu mlisikia habari za kinga ya mwili kwa mara ya kwanza katika masomo ya Ukimwi. Mlifundishwa kwamba ndani ya damu kuna askari, na kwamba virusi vya Ukimwi huwamaliza askari hao kidogo kidogo mpaka mwili unabaki kama shamba lisilo na ua. Somo hilo ni la kweli. Lakini limewaachia watu wengi wazo ambalo halijakamilika, kwamba kinga ikizidi kuwa kali, mtu anazidi kuwa salama.

Leo tunaongeza somo la pili. Kuna magonjwa ya mapafu ambayo mgonjwa huumizwa kwanza na virusi, kisha akaumizwa zaidi na askari wake mwenyewe. Anayeelewa jambo hili atajua kwa nini mtu anaweza kuonekana amepata nafuu halafu akazidiwa katika wiki ya pili. Atajua pia kwa nini dawa inayookoa maisha hospitalini inaweza kumdhuru mtu aliyeinunua dukani na kuimeza nyumbani.

KWA NINI TUNAONGEA HABARI HII SASA

Tutachukua korona (COVID-19) iwe mfano wetu, maana ndiyo iliyowafundisha madaktari mambo mengi. Mgonjwa wa kwanza Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Hesabu ya serikali ilipita wagonjwa 340,000 waliopimwa, na zaidi ya 5,600 waliofariki. Wengine walifia nyumbani bila kupimwa, nao hawamo katika hesabu hiyo. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hali ya dharura imekwisha. Dharura imekwisha, lakini virusi vyenyewe bado viko.

Na sio korona peke yake. Homa ya mafua nayo huweza kuingia mapafuni. Mwaka 1918 homa hiyo ilipitia bandari ya Mombasa ikaenea nchini, na duniani kote iliua vijana wengi wenye nguvu, sio wazee na watoto tu. Watoto wachanga nao wana virusi vyao viitwavyo RSV, ambavyo huwajaza makohozi katika njia ndogo za hewa. Huku kwetu kwenye baridi na ukungu, kikohozi ni kitu cha kila siku, kwa hiyo ni rahisi kudharau kile ambacho si cha kawaida.

1. JINSI MWILI UNAVYOJILINDA

Sote twajua mambo yanavyokwenda mwizi wa ng'ombe akiingia bomani usiku. Mwili nao hufanya hivyo hivyo, kwa hatua.

Ua na mbwa. Pua na njia ya hewa zina ute unaonasa uchafu, na vinyweleo vidogo sana vinavyousukuma ute huo juu ili tuuteme au tuumeze. Huo ndio ua wetu. Moshi wa kuni na wa sigara huvilegeza vinyweleo hivyo, na ua ukilegea mwizi hupita.

Nduru. Kirusi hakiwezi kuzaana peke yake. Ni lazima kiingie ndani ya chembe hai ya mwili na kuitumia kama kiwanda chake. Chembe iliyovamiwa hupiga nduru kwa kutoa kitu kiitwacho intaferoni. Chembe za jirani zikisikia, hufunga milango yao ili kirusi kisipate pa kuzaana.

Majirani wa kwanza. Halafu hufika chembe nyeupe za damu zilizo karibu, kila moja na rungu lake. Hizi hazimjui mwizi kwa sura. Hupiga chochote kigeni. Hutoa pia wajumbe waitwao sitokini, wa kwenda kuita wengine. Wajumbe hao ndio wanaoleta homa, maumivu ya viungo na uchovu. Kwa hiyo homa sio kazi ya kirusi moja kwa moja. Ni mwili wenyewe unawasha joto ili kupigana.

Wapelelezi. Mwisho hufika chembe zenye ujuzi. Hizi huchunguza sura ya kirusi kile kile, halafu nyingine huua chembe zilizovamiwa, na nyingine hutengeneza kingamwili zinazokishika kirusi kabla hakijaingia ndani. Mara ya kwanza kazi hii huchukua wiki moja hadi mbili. Baadaye baadhi yake hubaki mwilini kama kumbukumbu, na mwizi yule akirudi hukamatwa upesi.

Mzee wa kokwet. Mwizi akishashikwa, lazima awepo mtu wa kusema, "Basi, inatosha, rudini nyumbani." Mwilini pia kuna chembe na vitu vya kutuliza vita. Tusimsahau mzee huyu, kwa sababu shida tunayoisema leo huanza pale anaposhindwa kusikika.

2. MAMBO YANAPOHARIBIKA

Kwa watu wengi hatua hizi huenda sawa. Homa inakuja, siku chache inapita, mtu anarudi kuchuma chai. Lakini kwa wachache nduru huchelewa. Kirusi cha korona kina ujanja wa kuziba mdomo wa chembe kilizozivamia. Kwa siku za kwanza kinazaana kimya kimya, na watu wa kokwet wamelala.

Halafu nduru inapigwa ghafla wakati wezi wamekwisha kuwa wengi. Kila mtu anatoka na panga na tochi, gizani, bila kiongozi. Wanakanyaga mahindi, wanavunja mlango wa jikoni, wanaangusha ghala. Asubuhi mwenye boma anakuta hasara ya majirani ni kubwa kuliko ya mwizi.

Boma hilo ni mapafu. Ndani yake kuna mamia ya milioni ya vifuko vidogo vya hewa, na ukuta wa kila kifuko ni mwembamba kuliko karatasi. Hapo ndipo oksijeni huvuka kutoka hewani kwenda kwenye damu. Askari wakivamia kwa wingi, kuta huvimba, mishipa midogo huvuja na vifuko hujaa maji. Damu nayo huanza kuganda vipande vidogo vidogo. Wale waliofanya kazi ya kukausha majani kiwandani wanajua kwamba majani yakirundikwa sana yakiwa na maji, hewa ya feni haipiti. Mapafu ni vivyo hivyo. Mgonjwa anavuta hewa, lakini haifiki kwenye damu.

Jambo la kushangaza ni kwamba wakati huo mara nyingi virusi vyenyewe vimeanza kupungua. Vita vinaendelea hata baada ya mwizi kupungukiwa nguvu.

Ni nani yuko hatarini zaidi? Wazee, kwa sababu wapelelezi wao ni wachache na wazito kuamka. Wenye ugonjwa wa sukari, presha, figo, moyo, na wenye unene kupita kiasi. Wenye virusi vya Ukimwi ambao hawatumii dawa zao. Na wengine hawana dalili yoyote ya kuonyesha mapema. Mwaka 2020 watafiti walipima damu ya wagonjwa mahututi 987 wa korona katika nchi mbalimbali. Kati yao 101 walikutwa na kingamwili potovu, zinazoishika intaferoni yao wenyewe. Yaani mwili ulikuwa unaziba mdomo wa mpiga nduru. Wengi wao walikuwa wanaume, na wengi wana umri mkubwa. Hivyo tusiseme mgonjwa fulani alizidiwa kwa kukosa imani au kwa kurogwa. Kuna mambo ya damu ambayo jicho halioni.

3. KALENDA YA UGONJWA

Tunaomba mkariri kalenda hii, kwa maana ndiyo kiini cha somo.

Siku ya 1 hadi ya 4: homa, kikohozi, kichwa, mwili mzito. Virusi vinazaana. Wengi hukaa nyumbani na kupata nafuu.

Siku ya 5 hadi ya 10: hii ni njia panda. Walio wengi wanapona. Wachache wanaanza kukosa pumzi. Hapa ndipo familia nyingi hudanganyika. Homa imeshuka, mzee amekunywa uji, watu wanasema, "Ako sawa sasa." Kesho yake hawezi kutembea kutoka kitandani hadi mlangoni.

Baada ya hapo: aliyezidiwa na hajapata oksijeni anaweza kufa kwa muda mfupi. Aliyepata oksijeni mapema ana nafasi nzuri zaidi ya kurudi nyumbani.

Kwa hiyo andikeni tarehe ambayo ugonjwa ulianza. Iandikeni kwenye kalenda ya ukutani au kwenye kitabu cha chai, mahali popote pasipopotea. Daktari ataiuliza.

Tena fahamuni kwamba korona ina tabia moja ya hila. Mgonjwa anaweza kupungukiwa oksijeni sana na bado anaongea, hata anacheka. Ndiyo sababu hospitali hutumia kale kamashine kanakobanwa kidoleni. Huku kwetu juu milimani hata mtu mzima wa afya anaweza kuonyesha namba chini kidogo kuliko mtu wa Mombasa, kwa hiyo mwacheni mhudumu wa afya aeleze maana ya namba. Lakini ikiwa chini ya 90, hiyo ni hatari, sio ya kungojea asubuhi.

4. DAWA YA KUTULIZA VITA

Madaktari walipoona kwamba mapafu yanaharibiwa na vita, walijiuliza kama inafaa kutuliza askari. Jibu lilipatikana Uingereza, katika utafiti mkubwa ulioitwa RECOVERY. Walijaribu deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei nafuu. Wagonjwa 2,104 walipewa dawa hiyo, wakalinganishwa na 4,321 waliopata matibabu ya kawaida. Matokeo yalitangazwa tarehe 16 Juni 2020. Kwa waliokuwa wanapumuliwa na mashine, vifo vilipungua kwa karibu theluthi moja. Kwa waliokuwa wanapewa oksijeni bila mashine hiyo, vilipungua kwa karibu moja ya tano.

Lakini sikieni sehemu ya tatu, ambayo wengi hawakuisikia. Kwa wagonjwa ambao hawakuhitaji oksijeni, dawa haikusaidia kitu, na kulikuwa na dalili kwamba huenda inadhuru. Sababu mnaijua sasa. Siku za kwanza askari ndio wanaohitajika. Ukiwalaza mapema, umemfungulia mwizi boma. Dawa hii pia huweza kupandisha sukari ya damu na kufungua njia kwa maambukizo mengine.

Hili ni jambo la kweli katika vijiji vyetu. Vidonge vya namna hii hupatikana madukani, na mtu akivimeza anajisikia ana nguvu na hamu ya kula, basi anamwambia jirani. Tunawasihi msinunue deksamethasoni wala prednisoloni kwa ajili ya homa na kikohozi bila kuandikiwa na daktari. Na tunasema upande wa pili pia: aliyeandikiwa dawa hizo kwa pumu au ugonjwa mwingine asiziache ghafla kwa sababu ya somo hili. Arudi kwa daktari wake.

5. WATOTO WADOGO

Mtoto hawezi kusema "sina pumzi". Njia zake za hewa ni nyembamba, na uvimbe kidogo tu unazifunga. Mwangalieni akiwa ametulia, sio analia, mfunue kifua na uhesabu pumzi kwa dakika moja nzima. Anapumua haraka kupita kiasi ikiwa:

– mtoto wa chini ya miezi 2 anapumua mara 60 au zaidi;
– mtoto wa miezi 2 hadi 12 anapumua mara 50 au zaidi;
– mtoto wa mwaka 1 hadi 5 anapumua mara 40 au zaidi.

Akipumua hivyo, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Ikiwa sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani anapovuta hewa, au hawezi kunyonya, au amelegea, au ana degedege, ni hospitali mara moja.

ZOEZI: Gawanyikeni wawili wawili. Mmoja akae kimya, mwenzake ahesabu pumzi zake kwa dakika moja. Mtu mzima aliyetulia kwa kawaida hufika 12 hadi 20. Mgonjwa mtu mzima akifika 30, hana muda wa kungoja.

6. MNAYOTUULIZA

"Je, tangawizi, limau na chai ya moto huongeza kinga?" Kinywaji cha moto hutuliza koo na hurudisha maji mwilini, kwa hiyo kunyweni. Lakini hakuna kikombe kinachoua virusi mapafuni. Na kama mlivyoona, tunachotaka sio askari wengi wenye hasira, ila askari waliofundishwa. Kujifukiza kwa majani ya mkaratusi kumewaunguza watoto wengi kwa maji ya moto, msiwafanyie watoto.

"Askari hufundishwaje?" Kwa chanjo. Chanjo huwaonyesha wapelelezi picha ya mwizi kabla hajaja, ili nduru ikipigwa wafike mapema na wafanye kazi kwa utaratibu. Chanjo za kwanza za korona zilifika Kenya tarehe 3 Machi 2021, zaidi ya dozi milioni moja. Aliyechanjwa anaweza bado kupata homa, lakini hatari ya kuzidiwa hupungua sana. Ulizeni kituo cha afya ni chanjo zipi zinazotolewa sasa, na watoto wamalize chanjo zao zote, pamoja na ya surua na ya nimonia.

"Mbona wengine hupewa antibiotiki?" Antibiotiki haziui virusi. Lakini virusi vikishabomoa ua, bakteria huweza kuingia nyuma yao, na hapo mgonjwa anahitaji antibiotiki. Mwenye kuamua ni daktari.

"Homa si malaria tu?" Katika milima yetu malaria imewahi kulipuka mara kadhaa, kwa hiyo swali ni zuri. Pimeni damu. Lakini kipimo kikisema hakuna malaria na mtu anapumua haraka, msirudi nyumbani na Panadol mkiona kazi imekwisha.

7. DALILI ZA KUONDOKA NYUMBANI SASA HIVI (MTU MZIMA)

– Hawezi kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi.
– Anapumua mara 30 au zaidi kwa dakika.
– Midomo, ulimi au kucha zimekuwa rangi ya buluu au kijivu.
– Amechanganyikiwa, au anasinzia na ni vigumu kumwamsha.
– Kifua kinauma au kinambana, na hali haitulii.
– Alikuwa na nafuu, sasa anazidiwa tena.

Mkimsafirisha, msimlaze chali kwa nguvu. Mketisheni au mwacheni akae anavyopumua vizuri. Gari ni bora kuliko bodaboda. Madirisha yawe wazi, na anayemsindikiza afunike pua na mdomo.

8. KAZI YA KIKUNDI KABLA YA MKUTANO UJAO

Mtu akizidiwa saa nane usiku sio wakati wa kuanza kuulizana. Tunapendekeza kila kikundi kiamue mambo haya na kuyaandika kwenye kitabu cha kumbukumbu:

1. Gari la nani litatumika usiku, na namba ya simu ya dereva. Kubalianeni bei leo, sio siku ya shida.

2. Mfuko wa dharura. Mkipokea bonasi ya chai, tengeni kiasi ambacho hakikopeshwi kwa jambo lingine lolote.

3. Hospitali gani yenye oksijeni iko karibu nanyi: Kericho, Kapkatet, Litein, Kaplong, Longisa au Tenwek. Tumeni wawili wakaulize kama oksijeni iko usiku na mchana.

4. Ni wanachama wangapi wamejiandikisha SHA, ambayo ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, na kama michango yao imelipwa.

5. Ni nani mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu. Mwalikeni mkutanoni.

6. Jikoni kwa nani kuna moshi mwingi. Saidianeni kuweka dirisha au jiko lenye bomba la moshi, mkianza na nyumba yenye mtoto mchanga au mzee.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA

1. Je, kuna mtu tuliyemfahamu aliyepata nafuu halafu akazidiwa? Tukijua tunayojua leo, tungefanya nini siku ile?

2. Ni nani nyumbani anayeamua kwamba mgonjwa aende hospitali? Kama yeye ndiye mgonjwa, au yuko mbali kazini, nani ataamua?

3. Kwa nini dawa ya kutuliza askari inafaa siku ya tisa kwa mtu mwenye oksijeni puani, lakini haifai siku ya pili kwa mtu anayetembea?

4. Someni pamoja 1 Wakorintho 12:12–26. Kiungo kimoja kikifanya kazi bila kuwajali vingine, mwili wote hupata nini? Na kikundi je?

Swali la tatu mkiweza kumweleza jirani asiye mwanachama, kwa Kiswahili au kwa Kipsigis, mmelielewa somo. Nendeni mkamweleze. Mbarikiwe.